Lupango ya miti: namna ya kuipanda, kuitunza na kuepuka ugomvi wa mpaka

Katika Kivu, Ituri, Maniema na Tanganyika, parsele nyingi hazijengwi ukuta. Matofali, manjanja na waya ni vitu vya bei kali, na mbao zinaoza ao zinaibiwa usiku kuwa kuni. Kwa hiyo wakaaji wengi wanafanya sawa vile wazee walifanya: wanapanda miti midogo karibu karibu, inashikana, inakuwa lupango. Mti ukiota vizuri, lupango hiyo inaweza kuishi kuliko mwenye kuipanda.

Lakini lupango ya miti haiko kazi ya kuchomeka fimbo mu udongo na kwenda zako. Kama mti umechaguliwa vibaya, mbuzi wanapita, maharagi yanakosa jua, mtoto anaumia macho, ao jirani anakwenda kulalamika kwa shefu. Makala hii inaeleza aina za miti zinazofaa katika majimbo ya mashariki, namna ya kuzipanda na kuzikata, na mambo ya kumaliza na majirani mbele ya kuchimba shimo la kwanza.

Kazi za lupango ya miti

Kazi ya kwanza inajulikana: kuzuia mbuzi, nguruwe na kuku wasiingie katika mboga na mihogo. Usiku mmoja wa mbuzi wawili unatosha kumaliza jardin ya sombe na lengalenga ambayo mama alikuwa anategemea kwa soko ya wiki nzima.

Kazi ya pili ni kushika udongo. Milima ya Kivu iko na miteremko mikali, na mvua kubwa inashusha udongo wa juu, ule mweusi wenye nguvu, hadi mtoni. Mstari wa miti uliopandwa kukingama mteremko unapunguza mwendo wa maji, na udongo unabaki nyuma yake.

Kazi ya tatu ni kukata upepo na vumbi, zaidi kando ya barabara za udongo. Kazi ya ine ni chakula cha mifugo, kuni ndogo, fimbo za kuegemeza maharagi ya kupanda, na maua ya nyuki.

Kazi ya tano ndiyo inaleta maneno mengi: kuonyesha mpaka. Familia nyingi za mashariki zimekimbia vita na kurudi, mara nyingine kisha miaka. Nyumba inaweza kuchomwa, fimbo za mpaka zinaweza kung'olewa, lakini mti wenye mizizi mizuri unachipuka tena. Mzee wa kijiji anayekumbuka kwamba ule mstari ulipandwa na baba wa familia fulani ni shahidi mwenye kusikilizwa.

Mbele ya kuchimba: kusikilizana juu ya mpaka

Lupango ya miti ni alama, haiko hati. Kwa sheria ya ardhi ya Kongo ya tarehe 20 Julai 1973, udongo ni mali ya Serikali, na mtu anapata haki ya kuutumia kwa kufuata taratibu za sheria. Kupanda miti mahali hakumfanyi mtu kuwa mwenye pahali hapo. Pia, kung'oa miti ya jirani hakumwondolei jirani haki yake. Mahali ambapo cadastre imeshaweka borne, hizo ndizo za kufuata, na sheria ya makosa inakataza mtu kuziondoa ao kuzisogeza.

Kwa hiyo kazi inaanza na watu, haianzi na jembe. Mwenye parsele anaita majirani wote wanaopakana naye, na shefu wa avenue ao wa kijiji, na mzee mmoja ao wawili wanaojua historia ya pahali. Wanatembea pamoja mpaka wote, wanavuta kamba, wanaweka alama. Kisha wanaandika karatasi: tarehe, majina ya waliokuwepo, urefu wa kila upande, na vitu vinavyoonekana kama jiwe kubwa ao mti wa zamani. Kila mmoja anatia mkono na kubaki na kopi. Kwa mwanamke mjane, ao kwa watoto waliobaki bila wazazi, karatasi hiyo na wale mashahidi wanaweza kuwa msaada mkubwa siku ndugu wa upande wa mume wanapoanza kudai shamba.

Jambo lingine la kuamua siku hiyo ni pahali mstari utapita. Kuko njia mbili. Majirani wakikubaliana kuwa na lupango moja ya wote, inapandwa juu ya mpaka wenyewe, na kila mmoja anakata upande wake. Kama hawakubaliani, mwenye kupanda anaingia ndani ya parsele yake hatua moja, walau sentimeta 50. Nafasi hiyo inamruhusu kukata pande zote mbili bila kukanyaga kwa jirani, na matawi hayaingii shambani mwa mwingine. Anapoteza udongo kidogo, lakini anapata amani. Karatasi iseme wazi kwamba mpaka uko nje ya miti, ili kisha miaka mtu asije kusema mpaka ni miti.

Kuchagua mti

Hakuna mti mmoja unaofaa kila pahali. Uvira na Kalemie, kando ya ziwa Tanganyika, ziko kwenye meta kama 770 juu ya bahari, na joto ni nyingi. Goma na Bukavu ziko karibu meta 1500. Butembo na milima ya Lubero iko juu zaidi, na usiku baridi inauma. Mti unaostawi Uvira unaweza kulala tu kule Lubero bila kukua.

Miyenzi. Huu ndio mti wa lupango unaojulikana zaidi katika Kivu, na pia Rwanda na Burundi. Katika Kiswahili cha pwani unaitwa mnyaa. Hauna majani ya kuonekana. Una vijiti vya kijani vyenye maziwa meupe. Unakubali udongo mbaya, mawe na ukame, mbuzi hawaukuli, na unashika kwa kipande cha tawi tu. Ubaya wake ni yale maziwa: yanachoma ngozi, na yakiingia jichoni yanaleta maumivu makali na upofu wa muda. Haufai kando ya shule, ya kiwanja cha michezo, ao mlangoni mwa nyumba yenye watoto wadogo. Pia usipokatwa unakuwa mti mrefu wa meta nyingi, chini unabaki uwazi, na mbuzi wanapita.

Drasena. Ni mmea wa majani marefu kama panga, unaosimama wima. Katika sehemu nyingi za milima ya Afrika ya Mashariki, ni mti wa mpaka tangu zamani. Wachaga wa Kilimanjaro wanauita isale na kuuheshimu sana. Hauzuii mbuzi vizuri peke yake, lakini unaishi miaka mingi, mizizi yake haisumbui mimea, na ukikatwa unachipuka. Unafaa kupandwa kwenye pembe za parsele na kila kisha hatua kumi ndani ya lupango ya mti mwingine, kama alama isiyopotea.

Erithrina. Ni mti wa miiba wenye maua mekundu ya moto, unaota wenyewe katika savana na mashamba ya mashariki. Fimbo yake nene kama mkono, yenye urefu wa meta moja na nusu hadi mbili, ikichomekwa mwanzo wa mvua, inashika. Hiyo inasaidia mahali mbuzi ni wengi, kwa sababu fimbo inaanza ikiwa tayari ndefu kuliko mdomo wa mbuzi. Mizizi yake inaongeza azoti katika udongo. Mbegu zake nyekundu zenye kung'aa ni sumu, watoto wasichezee.

Kaliandra. Ilitoka Amerika ya Kati, na ma-agronome wameieneza sana katika mashamba ya milima. Ni mti mdogo wa maua mekundu kama brashi. Majani yake ni chakula kizuri cha mbuzi, sungura na ng'ombe, nyuki wanapenda maua yake, na inaongeza azoti. Kwa kuzuia mmomonyoko ni kati ya miti bora. Lakini kwa sababu mbuzi wanaupenda, haufai upande wa nje ambako mbuzi wa watu wanapita. Unafaa ndani ya shamba, ao nyuma ya mstari wa miyenzi.

Titonia. Ni ule mmea wa maua ya manjano kama alizeti ndogo, wenye majani machungu, unaota kando ya barabara karibu kila pahali. Vipande vya shina vinashika mbio. Majani yake mabichi, yakikatwa na kuzikwa udongoni, yanaoza haraka na kuwa mbolea nzuri ya mahindi na maharagi. Lupango yake haiko ngumu, lakini inalipa kila msimu. Inahitaji kukatwa mbele ya kutoa mbegu, la sivyo inaingia shamba lote.

Mbono. Katika pahali pa joto kama bonde la Ruzizi, Fizi, Kalemie na Maniema, mbono unafaa sana. Wanyama hawaukuli, na unashika kwa vipande vya tawi. Mbegu zake zina mafuta ya kutengeneza sabuni, lakini ni sumu kali: mbegu chache tu zinamtapisha na kumharisha mtoto.

Sipresi. Wazungu wa plantation waliipanda sana katika milima ya Kivu, na mpaka leo inaonekana kwenye misheni na nyumba za zamani. Asili yake ni Mexico na Amerika ya Kati. Inatoa ukuta mzuri wa kijani, lakini inataka mkono wa kila mara: ikikatwa hadi kwenye mbao kavu isiyo na majani, haichipuki tena, na pahali hapo panabaki tundu. Kivuli na mizizi yake inakausha mimea ya karibu. Kuko pia mdudu wa sipresi, aina ya chawa wa mimea, aliyeonekana Malawi mwaka 1986, kisha akaenea katika inchi nyingi za ukanda huu na kukausha miti mingi. Anayepanda sipresi peke yake kwa lupango nzima anaweza kuipoteza yote mara moja.

Houx wa milima yetu

Wenye kusoma vitabu vya Ulaya wanajua houx, ule mti wa majani yenye miiba na matunda mekundu ambao Wazungu wanapamba nao nyumba siku ya Noeli, na wanaupanda kuwa lupango ya jardin. Wengi hawajui kwamba ndugu yake anaishi katika misitu ya milima ya mashariki mwa Kongo. Wataalamu wanamwita Ilex mitis. Anapatikana kutoka Afrika ya Magharibi hadi Ethiopia, na kushuka mpaka Afrika ya Kusini na Madagaska. Ukoo ni ule ule wa mti ambao watu wa Argentina, Paragwai na Brazili wanakunywa majani yake kama chai, yerba mate.

Houx wa Afrika hana ile miiba mikali ya houx wa Ulaya. Ganda lake ni jeupe-jeupe, majani yanang'aa na hayapukutiki yote wakati mmoja, kijiti cha jani kina rangi ya zambarau-nyekundu, na maua yake meupe ni madogo sana. Anapenda kando ya vijito na udongo usiokauka. Akiachwa anakuwa mti mkubwa wa msitu, lakini akikatwa tangu utoto anaweza kuwa lupango ndefu na nzito.

Mambo matatu ni ya kujua kwa mtu anayetaka kumpanda. La kwanza, kuko mti dume na mti jike. Matunda mekundu yanatoka kwenye jike tu, na dume lazima awe karibu ili nyuki wapeleke chavua. Anayepanda miche mitatu ya matawi yaliyotoka kwa mti dume mmoja hatapata tunda hata moja, na mti hauna kosa. La pili, mbegu zinapandwa zikiwa bado mbichi: matunda yanaponyolewa, nyama inaoshwa, mbegu zinamwagwa katika pepinyeri yenye kivuli, na udongo haukauki hata siku moja. La tatu, haufai Uvira wala kwenye lava kavu ya Goma. Unafaa mabonde ya juu, karibu na maji. Ndege wanapenda matunda yake, lakini watu wasiyale.

Mtu asiende kung'oa miche katika Pori la Kahuzi-Biega ao Virunga. Kutoa mimea humo ni marufuku. Mbegu za miti iliyobaki katika mashamba na kando ya mito ya vijiji zinatosha.

Kupanda, hatua kwa hatua

Wakati mzuri ni mwanzo wa mvua. Katika Kivu ni Septemba na Oktoba, ili mizizi ipate miezi mingi ya maji mbele ya kiangazi cha Juni mpaka Agosti. Ituri, kiangazi kikubwa kinaanguka kati ya Desemba na Februari, kwa hiyo kupanda Machi ao Aprili kunafaa.

Kwanza, kamba inavutwa kati ya alama mbili, na mfereji unachimbwa wenye upana wa sentimeta 40 na urefu wa kwenda chini sentimeta 30 hadi 40. Udongo wa juu unawekwa upande mmoja, wa chini upande mwingine. Wakati wa kurudisha, udongo wa juu unachanganywa na mbolea ya ng'ombe ao ya mbuzi iliyooza vizuri, na unaingia wa kwanza. Mbolea mbichi inachoma mizizi.

Kwa miche, kipimo cha kawaida ni sentimeta 30 kati ya mche na mche. Lupango yenye nguvu inapandwa mistari miwili, ya pili ikiangalia nafasi za ya kwanza, sawa meno ya msumeno. Kati ya mistari inabaki sentimeta 30 hadi 40.

Kwa miyenzi, vipande vya sentimeta 40 hadi 60 vinakatwa na kulazwa kivulini siku mbili ao tatu ili maziwa yakauke kwenye kidonda. Kipande kikipandwa siku ile ile katika udongo wenye maji mengi, kinaoza. Vinapandwa sentimeta 20 kutoka kimoja kwa kingine, robo ya urefu ikiwa ndani ya udongo.

Kwa kaliandra, mbegu zinalowekwa katika maji ya baridi siku mbili, kisha zinapandwa katika sachet za pepinyeri. Miche inapelekwa shambani ikifika urefu wa sentimeta 30 hadi 50.

Goma, kwenye mawe ya volkano yaliyoshuka Januari 2002 na Mei 2021, hakuna mfereji wa kuchimba kwa jembe. Wakaaji wanavunja mashimo kwa barre à mine, wanajaza udongo ulioletwa kwa mifuko, na wanapanda mimea isiyotaka maji mengi, kama miyenzi na bougainvillea. Wengi wanapanga ukuta mfupi wa mawe ya lava na kupanda nyuma yake. Njia hiyo ni nzuri, kwa sababu ukuta unazuia mbuzi wakati mti bado mdogo.

Wiki za kwanza ndizo za hatari. Lupango changa yenyewe inahitaji lupango: fimbo, matawi ya miiba, ao mashina ya mahindi yaliyofungwa pamoja. Kisha mwezi, mwenye parsele anatembea mstari wote na kuhesabu miche iliyokufa. Inarudishiwa msimu ule ule, kwa sababu mche uliochelewa mwaka mzima unazibwa na wenzake na hautakua.

Kukata

Kosa linaloonekana mara nyingi ni kuacha mti ukimbie juu, na kungoja ufike kichwani mwa mtu ndipo ukatwe. Hapo juu kuna majani, chini ni vijiti vitupu, na mbuzi anapita akiinama kidogo. Njia nzuri ni kinyume: mche mchanga ukishashika, ncha yake inakatwa kwenye sentimeta 20 ao 30 ili utoe matawi chini. Kila mara unapopanda sentimeta 30, unakatwa nusu yake. Sipresi na houx hazikatwi kwa ukali hivyo. Zinakatwa ncha tu na pembeni kidogo kidogo.

Lupango iliyokomaa inakatwa mara mbili ao tatu kwa mwaka. Chini iwe pana kuliko juu, ili jua lifike matawi ya chini. Ikiwa pana juu na nyembamba chini, matawi ya chini yanakufa. Urefu wa meta moja na nusu unatosha kwa jardin. Kando ya njia ya watu, urefu huo unasaidia pia usalama: anayepita anaonekana, na mtu mbaya hana pahali pa kujificha.

Panga lazima liwe kali. Panga butu linapasua tawi, na ugonjwa unaingia. Kukata kunafanywa siku kavu, na mbele ya kukata, majirani wanaambiwa. Matawi ya kaliandra na titonia yanabaki shambani ao yanapewa mifugo. Matawi ya miyenzi hayapewi mnyama wala hayatumiwi kuwasha moto wa kupikia, kwa sababu moshi wake unachoma macho.

Kaliandra inangoja miezi tisa hadi kumi na mbili mbele ya kukatwa mara ya kwanza. Kisha inakatwa kwenye kimo cha kiuno cha mtu, kila kisha miezi miwili ao mitatu wakati wa mvua. Majani yanapewa mifugo yakiwa mabichi, na yasipite sehemu moja ya tatu ya chakula cha siku.

Kwenye mteremko

Mstari wa kuzuia udongo haufuati mpaka; unafuata usawa wa mlima. Kifaa cha kuutafuta kinatengenezwa nyumbani: fimbo mbili za meta mbili zinafungwa juu kama herufi A, fimbo ya tatu inafungwa katikati, na kamba yenye jiwe inaning'inia kutoka kileleni. Kwa kupata alama ya katikati, kifaa kinasimamishwa, kamba inapogusa inawekwa alama, kisha miguu inabadilishwa pahali na alama ya pili inawekwa. Nusu ya njia kati ya alama hizo ndiyo usawa. Kifaa kinatembezwa mguu kwa mguu, na fimbo ndogo inachomekwa kila pahali kamba inaposimama kwenye alama ya nusu.

Mlima ukiwa mkali, mistari inakaribiana; ukiwa mpole, inaachana. Mstari mmoja wenye matundu ni mbaya kuliko kukosa mstari, kwa sababu maji yote yanakusanyika kwenye tundu na kuchimba korongo. Kwa hiyo kurudishia miche iliyokufa hapa hakungoji.

Hatari za kujua

Maziwa ya miyenzi yakiingia jichoni, mtu asisugue. Jicho linaoshwa mara moja kwa maji safi mengi yanayomiminika, kwa dakika 15 ao zaidi, kisha mgonjwa anapelekwa centre de santé siku ile ile, hata kama maumivu yamepunguka. Maziwa ya mama, chumvi, mkojo na dawa za majani havitiwi jichoni. Anayekata miyenzi avae lunette ao kitu cha kufunika macho, shati ya mikono mirefu, asimame upande unakotoka upepo, na aoshe mikono kwa sabuni mbele ya kugusa uso. Watoto wawe mbali.

Lantana, ile yenye maua madogo ya rangi mbalimbali na harufu kali, ilitoka Amerika na sasa iko kila pahali. Inatoa lupango nzito, lakini ndege wanasambaza mbegu zake hadi malisho yanaisha, na ng'ombe, kondoo ao mbuzi anayekula nyingi anaugua maini. Ni heri kuing'oa kuliko kuipanda.

Ekaliptusi haifai kwenye mpaka. Inakua mbio na inalipa kwa mbao, lakini mizizi na kivuli chake kinaingia shamba la jirani, na hapo ugomvi hauna mwisho.

Lupango isiyosafishwa chini inakuwa nyumba ya panya na nyoka. Majani makavu na takataka vinaondolewa, zaidi karibu na mlango na njia ya choo. Wakati wa kiangazi, nyasi zinakatwa pande zote mbili hatua moja ao mbili, ili moto wa shamba la jirani usiimalize kazi ya miaka mitano kwa saa moja.

Kalenda kwa ufupi

Juni hadi Agosti: kuita majirani, kupima mpaka, kuandika karatasi, kutafuta vipande na kuandaa mbolea. Kwa lupango ya zamani, kufunika mizizi kwa majani makavu hatua kidogo kutoka shina, na kukata nyasi za kuzuia moto.

Septemba hadi Novemba: kupanda, kulinda miche, kurudishia iliyokufa.

Desemba na Januari: kupalilia, na kukata ncha ya kwanza.

Februari hadi Mei: kuongeza mbolea kidogo, kukata mara ya pili, kujaza matundu mbele ya mvua kuisha.

Wakaaji wa Ituri na wa kusini mwa Tanganyika wanasogeza kalenda hii kufuatana na mvua za kwao. Agronome wa secteur ao wa territoire anaweza kuonyesha pahali pa kupata mbegu. Lakini vipande vya miyenzi, drasena na titonia, mara nyingi jirani anavitoa bure siku anapokata lupango yake. Kumwomba mapema, na kumsaidia kukata siku hiyo, ni njia nzuri ya kuanza mazungumzo juu ya mpaka.